Kizazi cha mashine, watoto njiti na uzazi wa kesho: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni mkunga. Nimekaa miaka mingi wodi ya wazazi, na sasa niko chumba cha watoto njiti. Tangu zile video zianze kuzunguka WhatsApp, zamu haipiti bila mtu kuniuliza habari za kizazi cha mashine, yaani tumbo la uzazi la kutengenezwa: wanafunzi wa uuguzi, mashangazi wanaoleta uji, hata kijana wa bodaboda aliyenirudisha nyumbani juzi usiku. Nimeyakusanya hapa yale yanayojirudia.

Ile video ya roboti wa China anayebeba mimba miezi tisa, ni ya kweli?

Hapana. Agosti 2025 zilienea habari kwamba kampuni ya Guangzhou iitwayo Kaiwa Technology inaunda roboti mwenye kizazi tumboni, na kwamba atauzwa chini ya yuan 100,000. Picha zilizosambaa zilichorwa na kompyuta. Waandishi walipokiuliza chuo cha Singapore kilichotajwa kwenye habari ile, chuo kikasema hakuna utafiti wa namna hiyo uliofanyika kwake.

Na ile ya ukumbi wenye mayai ya kioo, watoto wamepangwa safu kwa safu?

Hiyo ni ya Desemba 2022, inaitwa EctoLife. Aliyeitengeneza ni Hashem Al-Ghaili, mtu wa video za sayansi anayeishi Berlin, na mwenyewe alisema ni wazo tu. Vyumba 75, kila chumba mayai 400, jumla watoto 30,000 kwa mwaka. Hesabu inakubali. Yai hata moja halipo.

Basi kizazi cha mashine hakipo kabisa?

Kipo, ila aliyelala ndani yake ni mwanakondoo.

Aprili 2017, kikundi cha daktari Alan Flake katika hospitali ya watoto ya Philadelphia, Marekani, kilitoa matokeo ya wanakondoo waliotolewa tumboni kabla ya siku zao, mapafu yao yakiwa yamefikia kiasi cha mtoto wa binadamu wa wiki 23 au 24. Waliwekwa kwenye mfuko wa plastiki angavu uliojaa maji ya vuguvugu yenye chumvichumvi, wakaishi humo hadi wiki nne. Mimba ya kondoo ni kama siku 147, kwa hiyo wiki nne si haba. Waliota manyoya, wakafumbua macho, wakawa wanameza yale maji na kurusha miguu.

Ukiuona mfuko wenyewe utashangaa jinsi ulivyo wa kawaida. Unafanana na ile mifuko ya zipu tunayogandishia nyama, umekuzwa tu na kuwekewa mirija. Kitovu cha mtoto kimeunganishwa na kichujio kidogo kinachotia oksijeni kwenye damu na kutoa hewa chafu. Pampu hakuna. Moyo wa mtoto mwenyewe ndio unaosukuma damu iende pale na kurudi, na walifanya hivyo makusudi, kwa sababu msukumo wa pampu ukizidi kidogo tu, moyo mchanga vile unaelemewa. Maji masafi yanaingia upande mmoja na kutoka upande wa pili mchana na usiku, vijidudu visipate pa kukaa. Chakula, yaani sukari, protini na mafuta, kinapitishwa kwenye damu.

Kwa macho ya mkunga, jina "kizazi cha mashine" limewekwa kwa haraka. Kinachoigwa pale ni kondo la nyuma na chupa ya maji ya uzazi. Kizazi chenyewe, ule msuli unaokua na mtoto kisha ukamsukuma nje, hakuna aliyejaribu kuutengeneza.

Ni Wamarekani peke yao?

La. Wajapani walitangulia: miaka ya 1990 Yoshinori Kuwabara wa Chuo Kikuu cha Juntendo, Tokyo, alishawaweka wana wa mbuzi kwenye maji ya namna hiyo kwa wiki kadhaa. Watafiti wa Australia Magharibi na wa Chuo Kikuu cha Tohoku wamefanya kazi pamoja hadi kufikia wanakondoo wenye uzito wa gramu 600 hadi 700, karibu sawa na njiti wetu wadogo kabisa. Uholanzi kuna kikundi cha Eindhoven kilichopewa euro milioni 2.9 na Umoja wa Ulaya mwaka 2019. Na huko huko Marekani, Michigan nao wana njia yao, mtoto hawekwi kwenye maji, ila mapafu yake yanajazwa maji na damu inapita kwenye mashine.

Kwa nini wasimweke tu kwenye mashine ya joto kama njiti wengine?

Kwa sababu ya mapafu. Mtoto wa wiki 23 ana mapafu yasiyojua kazi yao bado. Vifuko vya hewa havijaumbika sawasawa, na ule utelezi wa asili unaozuia vifuko hivyo kugandana hautoshi. Tunampa hewa kwa nguvu ili aishi, na hewa ile ile inamchubua ndani. Wengine wanapona na kubaki na mapafu yenye makovu. Oksijeni ikizidi, macho yanaharibika.

Njiti anayehangaika kupumua hutamsahau. Kifua kinazama mpaka mbavu zinahesabika, pua zinatanuka, na kila pumzi inatoka na mgumio kama wa mtu mzima aliyeinua gunia. Mfuko wa Philadelphia ulibuniwa ili mtoto huyo asilazimike kupumua kwanza. Abaki majini wiki tatu au nne zaidi, afike wiki ya 27 au 28, halafu ndiyo atoke. Hilo ndilo lengo lote la wenye kazi hiyo, na nashangaa jinsi linavyopotea kila habari inapofika mitandaoni.

Umewahi kutumika kwa binadamu?

Matokeo yaliyochapishwa ni ya wanyama. Septemba 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliita washauri wake wakakaa siku mbili kujadili masharti ya jaribio la kwanza kwa watoto. Kampuni iliyochukua kazi ya Philadelphia inaitwa Vitara Biomedical.

Vikwazo si vya karatasi tu. Damu inayopita kwenye mashine lazima iwekewe dawa ya kuzuia kuganda, na njiti tayari yuko hatarini kuvuja damu kwenye ubongo, ambao kwake ni mchanga kuliko wa mwanakondoo wa umri unaolingana. Kitovu nacho kina tabia yake: kikiguswa na baridi au kuvutwa, mishipa inajikaza. Wana dakika chache sana za kumhamisha mtoto kabla hajavuta pumzi ya kwanza. Aliyekwisha kulia hafai tena kurudishwa majini.

Tena kuna mama, ambaye habari nyingi zinamruka. Ili mtoto aingie mfukoni, mama apasuliwe, wiki ya 23, wakati sehemu ya chini ya kizazi haijatanuka. Mara nyingi mkato unapanda juu, na kovu la namna hiyo linaweza kufumuka mimba ijayo. Mwanamke ambaye pengine angejifungua kwa njia ya kawaida atakuwa amelipa kwa kizazi chake.

Na huko kwenye hospitali tajiri, huduma ya kawaida nayo haijakaa ikisubiri. Alabama, Marekani, mwaka 2020, alizaliwa mtoto wa wiki 21 na siku 1, gramu 420, akaishi. Sasa mwambie mzazi wa mtoto wa wiki 23 ajaribu mfuko uliozoea kondoo. Ningekuwa mimi ningesitasita.

Lini mimba nzima itakaa nje ya mwanamke, kuanzia yai mpaka kuzaliwa?

Chora mstari wa wiki 40. Upande wa kushoto, kiinitete cha binadamu, yaani mimba changa kabisa, kimelelewa maabara siku 13; hiyo ilikuwa 2016, Cambridge na New York. Watafiti walikisimamisha kwa mikono yao, kwa sababu ya kanuni ya siku 14 iliyopendekezwa Uingereza mwaka 1984 na kuwa sheria 1990. Upande wa kulia, mfuko unaanzia wiki ya 22 au 23. Katikati kuna wiki kama 20 ambazo hakuna aliyezivuka, na humo ndimo moyo unapoanza kupiga, vidole vinapotengana, figo zinapoumbika.

Aliyesogea zaidi ni Jacob Hanna wa Taasisi ya Weizmann, Israeli. Mwaka 2021 alilea viinitete vya panya kwenye chupa za kioo zinazozunguka, kuanzia siku ya tano na nusu hadi ya 11, na mimba ya panya ni kama siku 20. Hapo wakakwama. Kiinitete kikifikia ukubwa fulani, chakula hakiwezi tena kunywea kutoka nje. Kinahitaji damu iletwe, na damu huletwa na kondo. Kondo nalo hujengwa na mtoto mwenyewe, akichimba ukuta wa kizazi cha mama na kufungua mishipa yake. Bila ukuta ulio hai hana pa kuchimba.

Kwa hiyo ukiniuliza mwaka, sikupi. Ukiniuliza kama binti yako wa miaka kumi atakuja kujifungua kwa mashine, nakuambia mfundishe habari za kliniki.

Atakuwa na kitovu?

Swali hili liliulizwa na mtoto wa darasa la tano, na ni zuri kuliko mengi ya watu wazima. Atakuwa nacho. Mfuko wote unategemea kitovu.

Wanasema dunia inaishiwa watoto. Mashine si ndiyo dawa?

Kwanza tunyooshe neno, maana Kiswahili hapa kinatuponza. "Uzazi umeshuka" watu wengine wanaelewa kwamba miili imeshindwa kushika mimba. Takwimu zinazotangazwa ni za idadi ya watoto ambao mwanamke mmoja anazaa kwa wastani. Hayo ni mambo mawili, na mtu anaweza kuwa na afya kamili akaamua mmoja anatosha.

Dunia nzima, wastani ulikuwa karibu watoto watano miaka ya 1950, leo ni kama 2.3. Ili idadi ya watu isipungue inahitajika kama 2.1. Korea Kusini ilishuka hadi 0.72 mwaka 2023, ikapanda kidogo 0.75 mwaka 2024. Japani ilikuwa 1.15 mwaka 2024. China idadi ya watu wake ilianza kupungua 2022.

Sasa msikilize Mkorea anavyoeleza mwenyewe: nyumba Seoul hazishikiki bei, kazi inaisha usiku, masomo ya ziada ya mtoto yanakula mshahara, na mwanamke akizaa ofisi inamtazama kwa jicho lingine. Wanaochelewa kuoana wanazidi, na kwao kuzaa nje ya ndoa bado ni nadra. Katika orodha yote hiyo, mimba yenyewe imekaa wapi? Serikali yao imemwaga fedha miaka karibu ishirini na bado. Mtu aliyekataa mtoto kwa sababu ya kodi ya nyumba, ukimletea mtoto aliyeivishwa kwenye mfuko, kodi iko pale pale.

Mwenzangu wa zamu ya usiku, mama wa wanne, nilipomsimulia hayo alicheka. "Wabuni mashine ya kukaa na mtoto wa miaka miwili anayeharisha saa tisa usiku," akasema. "Hiyo nitakopa."

Huku kwetu je, tunashuka au tunapanda?

Tunashuka, kila mtu na kasi yake. Kenya ndiyo mfano wa kushangaza: mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke alizaa wastani wa watoto wanane, utafiti wa 2022 ukakuta 3.4. Hakuna aliyelazimishwa. Wasichana walikaa shule muda mrefu, watoto wakaacha kufa ovyo, uzazi wa mpango ukafika, na shamba la babu likawa limegawanywa mpaka halitoshi hata mistari ya mahindi. Tanzania 2022 ilikuwa 4.8, mijini chini ya hapo na vijijini juu. Kongo na Niger bado wako karibu na sita.

Ni kweli mbegu za wanaume zinapungua?

Kuna utafiti wa Hagai Levine na wenzake, wa 2017 na ukaongezewa 2022, uliokusanya vipimo vya tangu 1973 na kuona wingi wa mbegu umeshuka kwa zaidi ya nusu. Wataalamu wengine wanapinga namna vipimo vya zamani vilivyohesabiwa. Kinachonihusu mimi wodini ni hiki: katika ndoa zinazokosa mtoto, mwanamume ana mchango katika karibu nusu yake, na bado anayerudishwa kwao na begi ni mke. Kipimo cha mbegu ni cha bei nafuu na hakiumi. Baba, anza wewe.

Mbona Afrika tunaambiwa tunazaa sana, na wagumba wamejaa?

Yote mawili ni kweli kwa pamoja. Shirika la Afya Duniani lilisema 2023 kwamba karibu mtu 1 kati ya 6 hukutana na tatizo la kutopata mimba katika maisha yake, yaani kukosa baada ya miezi 12 ya kujaribu bila kinga. Kwetu sababu kubwa ni mirija iliyoziba: kisonono au klamidia isiyotibiwa, mimba iliyotolewa kichochoroni, homa ya uzazi baada ya kujifungua. Ndiyo maana wengi wanaokuja wameshazaa mara moja. Mtoto wa kwanza ana miaka minane, wa pili haji, na katikati kuna waganga watatu na mbuzi waliochinjwa.

Jambo hili si geni. Wakati wa ukoloni Buhaya na Buganda zilijulikana kwa uzazi mdogo kwa sababu ya magonjwa ya zinaa, na kuna ukanda mpana wa Afrika ya Kati, Kongo ikiwamo, ambako wanawake wengi walimaliza umri wao bila mtoto hata mmoja. Penisilini ilipofika, watoto wakaongezeka. Dawa ya shilingi chache ilifanya kazi ambayo mfuko wa Philadelphia hauwezi kuifanya, maana mwenye mirija iliyoziba anacho kizazi, kizima kabisa.

Kwa aliyeziba mirija kuna nini leo?

Upandikizaji mimba. Yai na mbegu vinakutanishwa maabara, kiinitete kinarudishwa kwenye kizazi cha mama. Mtoto wa kwanza duniani, Louise Brown, alizaliwa Uingereza Julai 1978. Kampala walipata wao 2004, Nairobi 2006. Mnamo 2023 mwanamke wa miaka 70 alijifungua mapacha Kampala kwa njia hiyo. Tafadhali usiichukue kama ratiba, mayai hayakuwa yake na mimba ya umri huo ni hatari. Gharama bado ni mamilioni ya shilingi kwa jaribio moja, na jaribio moja mara nyingi halitoshi.

Mimi nilitolewa kizazi. Je?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, kwa kawaida na dada wa miaka ishirini na kitu aliyevuja damu uzazi wa kwanza, madaktari wakachagua uhai wake. Kwake kuna kitu halisi kuliko mfuko: kupandikizwa kizazi cha mtu mwingine. Kikundi cha Mats Brännström, Gothenburg, Sweden, kilipata mtoto wa kwanza Septemba 2014. Brazil walifanikiwa kwa kizazi cha marehemu, mtoto akazaliwa Desemba 2017. Ni upasuaji mkubwa, na dawa za kuzuia mwili usikikatae, kisha kizazi kinatolewa baada ya mtoto mmoja au wawili. Kwa wengi wetu ni mbali sana, najua. Kubebewa mimba na mwanamke mwingine ndiyo njia inayotumika zaidi, ila sheria za nchi nyingi za Afrika Mashariki bado zinasuasua. Kenya na Uganda miswada imezungushwa bungeni kwa miaka.

Dini zinasemaje?

Mimi si shehe wala padri. Ninachoweza kusema ni kwamba fatwa ya Al-Azhar ya 1980 iliruhusu upandikizaji mimba kwa mke na mume walio ndani ya ndoa, bila mtu wa tatu. Kanisa Katoliki, kwa waraka wa 1987, lilikataa mimba kuanzishwa nje ya tendo la ndoa. Njiti kumaliziwa siku zake mfukoni ni jambo jingine. Wengi niliozungumza nao wanaliona kama kumwokoa mgonjwa. Penye ugumu ni mimba nzima. Sura ya 58 ya Qurani inasema mama ni yule aliyekuzaa, na sisi watu wa pwani tunajua pia mama wa kunyonya, ambaye watoto wake huwezi kuwaoa. Asiyezaliwa na mtu, mama yake tutamhesabu kwa yai? Hilo nawaachia wenye elimu, na wanao muda wa kutosha.

Huo mfuko tutaupata lini huku?

Ungefika kesho ungeomba umeme usiokatika, mashine za kupima damu saa zote na wauguzi wa kumkesha mtoto mmoja. Kuna zamu tunakuwa wawili kwa watoto ishirini.

Mwaka 2020 dunia ilipata njiti milioni 13.4, wengi wao wa wiki 32 kwenda juu, ambao hawahitaji mfuko. Wanahitaji joto, maziwa na mtu. Huduma ya kangaruu, yaani mtoto kufungwa kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, ilianzia Bogotá, Colombia, 1978, kwa uhaba wa mashine za joto. Utafiti uliochapishwa 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Muhimbili, Tanzania, uliwaweka watoto wa kilo 1 hadi chini ya 1.8 kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri hali itulie. Waliokufa ndani ya siku 28 walikuwa asilimia 12. Kwa waliosubiri, asilimia 15.7. Jaribio lilisimamishwa mapema, kwa kuwa ilionekana si haki kuendelea kuwasubirisha wengine.

Nina njiti wa kilo 1.2 wodini sasa hivi. Nifanye nini?

Vua blauzi na sidiria. Mtoto abaki na nepi, kofia na soksi. Mweke wima katikati ya matiti, miguu imekunjwa kama chura, kichwa kimegeuzwa upande ili umwone pua. Mfunge kwa kanga, ukingo wa juu ufike chini ya sikio lake, kaza mpaka ukisimama hatelezi. Kaa naye saa nyingi uwezavyo, nane ndiyo chini kabisa, na kulala naye kifuani inaruhusiwa ukiegemea mito.

Kamua maziwa kila saa mbili au tatu, hata usiku, hata yakitoka matone. Yale ya njano ya mwanzo usiyamwage. Muuguzi atayapitisha kwenye mpira wa puani mpaka mtoto ajue kunyonya.

Akiacha kupumua, mguse nyayo kwa nguvu na uite. Akiwa bluu mdomoni, akipoa miguu, akiwa wa njano, au asipoamka kula, ita, usione haya kutusumbua.

Ukitaka kwenda kuoga, mpe baba. Avue shati, aketi pale pale ulipokaa wewe, umfunge kanga ile ile. Wengi huniuliza kama kifua chenye nywele kinafaa. Kinafaa.